Mpishi Asiyeonja

Kwanza ni harufu. Kabla hujaiona malewa ya Mama Uganda, pale kwenye kona ya barabara iteremkayo hadi soko kuu la Bunia, pua yako imeshatangulia, imeketi na kuagiza. Malewa, kwa asiyejua, ni hoteli ya watu wasioingia hotelini: turubai juu, mabenchi chini, sufuria katikati. Sufuria ya Mama Uganda ina samaki wa Ziwa Albert, wa moshi na wa chumvi, waliozama katika mafuta ya ngazi, yaani ya mawese, na bugali pembeni. Waashi huiita harufu yake neema. Waendesha pikipiki huzima injini mbele yake hata wakiwa na abiria mgongoni. Mpishi mwenyewe ana jina lake la kuiita harufu hiyo. Hulisema kwa lugha ya kwao ili asieleweke, na si jina la kuandikwa mahali watoto wanaposoma.

Maana Mama Uganda alikuwa akichukia samaki. Sisemi kwamba hakuwapenda sana. Aliwachukia. Akiwaona tu, mate yalimjaa kinywani, na si mate ya hamu, ni yale yanayotangulia matapishi.

Kila asubuhi alifungua gunia akiwa ameshika pumzi. Kitambaa alichojifunga puani alikijaza majani ya mlimau yaliyopondwa, na wateja aliwaambia ni kwa ajili ya moshi. Ndani ya gunia walikuwapo wale wenzake wa kila siku: macho yasiyofumba, midomo wazi kama walevi waliolala mtaroni, utelezi, magamba yaliyomganda hadi viwikoni, ambayo jioni aliyakuta kwenye shuka lake. Samaki wa chumvi aliwaosha mara mbili tatu, na yale maji ya kijivu yenye povu aliyamwaga mbali, uso ameugeuza. Nzi waliyafuata kwa shangwe.

Halafu kulikuwa na walaji. Mungu nisamehe, lakini mtu mzima akikifyonza kichwa cha samaki mpaka kilie, akakigeuza, akakifyonza upande wa pili, akatema miiba karibu na viatu vyako na kumalizia kwa kuchokonoa jino kwa ukucha, unahitaji utakatifu kumwambia karibu tena. Mama Uganda alisema karibu tena. Alisema akitabasamu, kila siku, kwa kila mmoja, na hakuna aliyejua.

Jina lake hasa ni Peninah Kobusingye. Alizaliwa Ankole, kule Uganda, katika watu wa ng'ombe. Bibi yake, mzaa baba, alikuwa na vibuyu vya maziwa alivyovifukiza moshi wa nyasi zinukiazo vizuri, na ukitia pua ndani ya kibuyu kimoja ulijisikia kama umelala kifuani mwa mama yako. Mtu aliyekula samaki hakuvigusa. Bibi aliamini kwamba ng'ombe angekauka. Siku moja shangazi yake Peninah alirudi kutoka harusini mjini, na bibi akamnusa shavuni alipomsalimu. Hakumgombeza. Alimtandikia mkeka nje, karibu na zizi, akafunga mlango. Peninah alikuwa mtoto, lakini jambo hilo lilimwingia kabisa, na halikutoka.

Kilichomtoa Ankole ni ulimi wa Fabrice. Fabrice alikuwa dereva wa lori, mtu wa Butembo, mwenye maneno matamu kuliko muwa wa kwao. Peninah alimfuata kabla ng'ombe hata mmoja wa mahari hajafikishwa zizini kwa baba yake, na baba akamwambia asirudi bila hao ng'ombe. Fabrice akampangia chumba Bunia. Halafu akaacha lori, akaenda Nizi kutafuta dhahabu kama wengine. Aliipata dhahabu yake, yenye miguu miwili na kitambaa kichwani, akakaa nayo huko huko. Peninah akabaki na chumba, kitanda, na Kiswahili cha kubahatisha. Nyumbani hakuweza kurudi mikono mitupu. Hata Fabrice, kusema kweli, alishamtia kinyaa, ila kinyaa hakijazi tumbo.

Walikuwapo watu wa shirika. Shirika, kwa Wakatoliki wa Bunia, ni majirani wa barabara moja wanaosali pamoja kila juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wanasali, na wakimaliza kusali wanaingia katika mambo yako. Siku hiyo walisali uani kwa Mama Kanyere, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, na walipofunga rozari Mama Adeline akabaki amesimama. Mama Adeline ni mwanamke mnene wa Mahagi-Port, kule ziwani, mwenye kicheko cha kuamsha watoto, na ndugu zake wote wanaishi kwa samaki.

"Mama Uganda hawezi kufa na njaa hapa siye tunaangalia," alisema. "Ile haya itakuwa ya nani? Ya siye wote. Ndugu zangu wanatumaka samaki kila juma. Atapika malewa. Miye njo nitamufundisha." Njo ya huku ni ndiyo ya kwenu.

"Miye natoa mabanki," alisema Mama Kanyere, akimaanisha mabenchi. Alisema haraka, kwani hapendi mtu mwingine aonekane kuwa wa kwanza.

Papa Ézéchiel, mwalimu mstaafu na mkubwa wa shirika, akatoa turubai na kona iliyo mbele ya uzio wake. Priscille, mke wa Félicien mwashi, akatoa sufuria kubwa aliyopewa siku ya ndoa yake. Mwingine akatoa babula, lile jiko la makaa, mwingine makaa ya kuanzia, mwingine sahani zisizofanana. Walitoa kweli, na waliotoa hawakuwa matajiri. Nasema hivyo kwa sababu yanayokuja mbele yanaweza kukusahaulisha.

Ila hakuna aliyemuuliza. Peninah alikuwa na wazo lake: chai ya maziwa na maziwa ya mgando, asubuhi, kwa watu wanaoelekea kazini. Ng'ombe wapo Ituri tele, na maziwa anayajua kama anavyojua mikono yake. Alifungua mdomo aseme. Akawaona wote wamemtazama, nyuso zinang'aa kwa wema wao, na kwao mtu akikupa kitu kwa mikono miwili unapokea kwa mikono miwili, kukataa ni kumtemea mate. Akapiga goti kidogo, akasema, "Aksanti sana."

Wema wa Bunia una mikono mingi. Masikio ndiyo machache.

Basi Mama Adeline akaja kumfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kupasua, jinsi ya kutoa nyongo bila kuipasua, jinsi ya kujua mafuta ya ngazi yameiva kwa rangi yake. Mwishoni akachota mchuzi kwa mwiko, akampelekea mdomoni.

"Onja."

Peninah alirudi nyuma hatua moja. "Weye unaonjaka muzuri kuliko miye, mama. Ulimi yangu ni ya maziwa, haijui."

Mama Adeline akacheka, akaonja mwenyewe, akapendezwa. Nani hapendi kuambiwa ulimi wake una akili? Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Peninah alipika kwa macho na mkono, Mama Adeline akapita kabla ya wateja, akaonja, akasema ongeza chumvi au acha hivyo. Na chakula kilikuwa kitamu, hilo hata adui alikubali. Mtu anayechukia kitu hukitazama kwa makini kuliko anayekipenda. Hakuna samaki aliyelala kwenye sufuria yake, hakuna gamba lililopita machoni pake, hakuna sahani iliyooshwa mara moja tu. Watu wakasema Mama Uganda ni msafi ajabu. Hawakujua ni kinyaa kinachofanya kazi.

Wateja wakimwambia aketi ale nao, alijibu, "Nimeshiba." Jioni alijisugua mikono kwa limau na majivu mpaka ngozi ikawaka, akafunga mlango, akala maharage yake na kikombe cha maziwa ya mgando. Ndivyo alivyoishi, mwaka na zaidi, na malewa ikawa na jina. Alikuwa anafikiria hata kumwalika mama yake aje kumtazama.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni lazima alijue kuhusu sehemu hizi, na Peninah hakuambiwa na mtu. Huku watu hawaogopi chui kama wanavyoogopa sahani. Ukimletea mtu chupa, unaifungua mbele ya macho yake, asije akadhani umetia sumu. Anayepika pombe ya ndizi hunywa yeye kwanza, halafu ndipo anakupa, na asiponywa, hata uwe na kiu ya mwaka mzima, unaaga. Ni namna ya kuapa bila kusema. Huko kwao Peninah mambo yamegeuka kichwa chini: mwenye nyumba anayetangulia kunywa maziwa kabla ya mgeni ni mroho asiyelelewa. Kwa hiyo siku zote alizowahudumia watu wale bila kutia kitu mdomoni, yeye alidhani anawaheshimu.

Lilianza na Félicien. Jumamosi moja asubuhi Félicien mwashi alikuja malewani akinuka lutuku, ile pombe kali ya mihogo, kiasi kwamba hata kitambaa cha majani ya limau hakikumsaidia Peninah. Macho yalikuwa mekundu. Alikula sahani moja, akaomba mchuzi zaidi, akaenda zake akiyumba. Jioni tumbo likamkamata. Alijikunja, akatapika, akalia kama mtoto, na Priscille akatoka barabarani akipiga kelele kwamba mume wake anakufa.

Hakufa. Kwenye kituo cha afya walimpa maji ya chumvi na sukari, wakamrudisha nyumbani. Lakini waliuliza alikula nini, na Félicien, ambaye alikuwa amemwapia mke wake mbele ya padri kwamba lutuku ameiacha, alimtazama Priscille, akatazama ukuta, akasema, "Samaki ya Mama Uganda."

Watu wengi walikula sufuria ile ile siku ile ile na kulala usingizi mzuri. Lakini mzima hana habari ya kusimulia. Mwenye kutapika ndiye husikilizwa. Jumatatu, bombani, mtu mmoja akauliza swali dogo tu.

"Pardon, kuna mutu ameshamuonaka Mama Uganda akikula ile chakula yake?"

Wakatua chini bidoni zao, yale madumu ya maji. Wakatafuta kichwani. Mmoja alisema amemwona akila mkate. Mwingine alisema hapana, alikuwa amebeba mkate tu. Hakuna aliyemwona akila samaki, hata mara moja, hata mkia. Na kile kitambaa cha puani? Na kwa nini Mama Adeline ndiye anayeonjeshwa? Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Kufika jioni, yule mwanamke waliyemwokoa na njaa alikuwa murozi, mtia sumu, aliyeletwa kutoka Uganda makusudi, na Fabrice hakuwa Nizi, alikuwa amelishwa sumu akazikwa. Fabrice, aliyekuwa wakati ule ule Nizi akinywa bia!

Jumanne hakuja mteja. Alikuja Mama Kanyere, na wanaume wawili.

"Kuna matanga kwa ndugu yangu," alisema huku akitazama miguu yake. "Nahitaji mabanki."

"Pole sana, mama. Nani amekufa?"

Mama Kanyere hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Mutu ya mbali," alisema. Wanaume wakabeba mabenchi.

Priscille alikuja kuchukua sufuria, na mchuzi ulikuwa ndani bado. Peninah akauliza aumwage wapi. Priscille akarudi nyuma, kanga mdomoni, akasema aumwage mwenyewe, mbali. Aliyetoa babula akatuma ndugu yake. Sahani zikaondoka moja moja, na kila aliyekuja alikuwa na sababu nzuri, sauti ya upole, na macho yasiyotua. Papa Ézéchiel hakuondoa turubai. Alilikunja tu upande mmoja, ikawa jua linaingia.

Peninah alibaki amekaa juu ya jiwe. Kwa muda wote ule alidhani anajua kinyaa ni nini. Alikuwa akikitafuta kwenye utelezi na macho ya samaki. Samaki, maskini, alikuwa anaoza kwa sababu amekufa. Hawa walikuwa wazima, wamevaa vizuri, na jana yake tu walikuwa wanalamba vidole vyao mbele yake. Roho ilimchafuka akashindwa hata kulia.

Papa Ézéchiel alikuja mwenyewe kumpa hukumu, ingawa aliiita msaada. "Binti yangu, watu wanasemasema. Miye siamini. Lakini tufanye hivi: dimanche, siku ya Mungu, nyuma ya misa, upike hapa mbele ya shirika nzima. Ukule weye wa kwanza. Basi, itaisha. Ukikula, kila kitu kinarudia. Ukikatala..." Akafungua mikono yake kuonyesha kwamba ni mitupu. Hakuna sufuria, hakuna kona, na huenda hakuna hata chumba, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa wa shirika hilo hilo.

Kula tu. Jambo rahisi namna gani! Ila Peninah aliujua mwili wake. Mara moja, siku za mwanzo, tone la mchuzi lilimrukia mdomoni, na alitapika nyuma ya uzio mpaka akaona nyota. Mbele ya shirika zima, mwanamke anayeshukiwa kutia sumu, anakula chakula chake mwenyewe, halafu anatapika. Hapo hata mtakatifu angemkimbia. Na huku barabarani, kundi likishaamini jambo la namna hiyo, halisubiri padri.

Jumamosi alimwendea Mama Adeline. Huyu hakuwa amechukua kitu, kwa vile alichotoa ni samaki na ulimi wake. Peninah aliketi kwenye kigoda jikoni kwake, akaamua kusema kweli.

"Mama, miye sikuweka kitu. Ni hivi. Samaki siwezi kukula. Kwetu hatukulaka. Ile harufu inanichafuaka roho tangu siku ya kwanza. Nilisikia haya kukuambia."

Alitegemea Mama Adeline acheke. Kicheko kile kingemaliza kila kitu. Mama Adeline hakucheka. Aliweka chini kisu alichokuwa nacho.

"Inakuchafua roho."

"Ndiyo, mama."

"Samaki ya ndugu zangu. Ile iliyotukomalisha siye wote, ile miye nakulaka tangu sina meno. Kila asubuhi nakuja kukuonjea, nakuita mutoto yangu, na weye unanitazama miye nikikula, unasikia kutapika?"

"Haiko weye, mama. Ni samaki."

"Afazali ungekuwa murozi," alisema Mama Adeline polepole, na macho yalikuwa yamejaa. "Murozi anakuogopa. Weye unatuona siye uchafu." Akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, akamwacha Peninah na gunia la samaki waliokuwa wakimtazama.

Hivyo ndivyo ukweli ulivyomlipa. Akarudi nyumbani akijua kwamba Jumapili hana mtu.

Jumapili walikuja wote, hata wale ambao hawajaonekana shirikani tangu Krismasi. Mabenchi yalirudi, maana watazamaji wanahitaji kuketi. Priscille alileta sufuria, akaiweka chini kwa vidole viwili. Félicien alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amekonda kidogo, akikagua kucha zake. Papa Ézéchiel alisali sala ndefu kuhusu upendo wa jirani, na Peninah akapasua samaki.

Alivua kitambaa cha puani. Hilo aliliamua mwenyewe. Kama ni kuisikia harufu, aisikie yote.

Alipika kama siku zote. Sauti ilikuwa ya mafuta tu. Sufuria ilipoiva, akachukua sahani na kutafuta kipande kidogo cha mgongo, kisicho na ngozi, ambacho angekimeza bila kutafuna. Mkono mwingine ukamtangulia. Ulikuwa wa Mama Adeline, aliyekuwa hajamsalimu. Alitia mwiko ndani, akatoa kichwa kizima, kikubwa, jicho limekuwa jeupe kwa moto, akakiweka kwenye sahani ya Peninah na kumimina mchuzi juu.

"Kichwa ni ya mwenye nyumba," alisema kwa sauti ya kusikika. Ndivyo wanavyofanya kwao, ni heshima, na kila mtu alitikisa kichwa. Ila macho yao wawili yalikutana, na Peninah akajua kwamba hiyo haikuwa heshima.

Akaosha mikono. Akakata tonge la bugali, akavunja shavu la samaki, akatia mdomoni.

Sitaki kukueleza sana. Ililainika, ikateleza, ikapanda puani kwa nyuma. Mate yale yalikuja, mengi, na akayameza pamoja na samaki. Akamwona bibi yake anatandika mkeka nje karibu na zizi. Akatia tonge la pili. Jasho lilimtoka usoni, na mtu akanong'ona, "Angalia, anatokwa jasho," na mwingine akamjibu kwamba ni pilipili. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinapanda. Alichofanya ni kuinua macho na kuwatazama, mmoja mmoja, taratibu, huku akitafuna. Alimtazama Mama Kanyere na marehemu wake wa mbali. Alimtazama Priscille na vidole vyake viwili, Papa Ézéchiel na sala yake, akamalizia na Félicien. Na jambo la ajabu likatokea. Kadiri alivyowatazama ndivyo samaki alivyozidi kumezeka. Kinyaa kikubwa kilikuwa kimekifukuza kile kidogo. Akafika kwenye jicho. Akalitoa kwa kidole, akaliweka juu ya ulimi, akafunga mdomo, akameza akimtazama Mama Adeline usoni. Mama Adeline ndiye aliyeinamisha macho.

Hakutapika. Alifyonza kichwa kile mpaka kikalia, akatema mwiba mmoja karibu na viatu vya Papa Ézéchiel, akasema, "Karibuni."

Wakapiga makofi! Wakapiga vigelegele, wakaimba aleluya. Mama Kanyere alimkumbatia na kusema yeye tangu mwanzo hakuamini. Wakajipanga na sahani zao, wakala mpaka sufuria ikakwanguliwa, kila mmoja akisifu. Félicien alikuja mara ya pili, akainama karibu na sikio lake.

"Pardon, mama. Ilikuwa lutuku. Lakini weye unamujua bibi yangu Priscille." Akanyoosha sahani. "Niongezee muchuzi kidogo."

Peninah alimwongezea. Kitu kama kicheko kilimpanda, akakimeza nacho.

Malewa iko pale pale hadi leo, na watu ni wengi kuliko zamani, kwani sasa chakula cha Mama Uganda kina ushahidi. Kila siku, kabla ya kumpa mtu sahani, anasimama mbele ya benchi la kwanza na kula tonge lake la samaki, wazi, wote wamwone. Wateja wapya hudhani ni mbwembwe. Wazo la kumwalika mama yake aliliacha. Jioni hajisugui kwa limau, na maziwa ameacha kuyanunua. Vibuyu vya bibi viko mbali, lakini amri yake aliifuata mwenyewe: aliyekula samaki asiyaguse maziwa.

Mama Adeline hakukanyaga pale kwa muda mrefu. Samaki aliwatuma kwa mkono wa wengine. Halafu asubuhi moja alitokea, akasimama karibu na babula huku akisumbuka na ncha ya kitenge chake. Peninah alikuwa anakwangua magamba.

"Ile siku," alisema Mama Adeline, "nilikuwa na hasira."

"Ndiyo, mama."

Mama Adeline alingoja jibu lirefushwe, halikurefushwa. "Na sasa? Samaki unaionaje?"

Peninah aligeuza samaki upande wa pili, akaendelea na kisu chake. "Samaki nimeshaizoea, Mama Adeline," alisema. "Watu njo bado."

Mama Adeline alivuta kigoda, akaketi ng'ambo ya beseni, akachukua kisu cha pili na kuanza kukwangua.